Kamati ya Baridi Yatoa Uamuzi Juu ya Friji Yangu

Napenda kuwatangazia wakaaji wote wa Kiwanjani hapa Isiolo, na walio mbali hadi Kinna na Oldonyiro, kwamba friji yangu ina afya njema. Si mimi niliyesema. Imesemwa na Kamati ya Baridi ya duka kubwa la Tunukiwa Mega, kamati yenye mwenyekiti, katibu, muhuri na chai, na mimi mwenyewe Akaale, mama yake Apua, nilikuwa mjumbe wake. Beji ninayo hadi leo. Imeandikwa MWAKILISHI WA WATEJA, na utepe wake ni wa bluu.

Nasema haya mapema kwa sababu wako watu wanaoeneza maneno sokoni kwamba Tunukiwa Mega haisikilizi wateja. Hao hawajawahi kusikilizwa, kwa hiyo hawajui kunavyokuwa. Mimi nilisikilizwa mpaka nikachoka.

Mambo yalianza na mume wangu, mzee Lokuruka. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano kila siku, na dawa ya sindano hiyo haitaki joto. Joto la Isiolo sina haja ya kulieleza. Zamani tulikuwa tunaiweka dawa ndani ya mtungi, juu ya mchanga uliolowa, mpaka Jumapili moja mzee akaanguka mlangoni mwa kanisa. Daktari akatuambia dawa ilikuwa imeharibika kwa joto, mzee alikuwa anajidunga maji tu. Tangu hapo dawa ilikaa kwenye friji ya jirani yetu Gaceri, anayefanya kazi ofisi ya kilimo, katikati ya yogati za watoto wake. Gaceri hakutuambia hata siku moja kwamba tunamsumbua. Alikuwa akiacha mlango wa jikoni wazi kidogo asubuhi, ili Lokuruka asihitaji kubisha, maana alijua mzee anaona haya kubisha.

Kisha serikali ikamhamishia mji wa Maua. Alikuja kuniambia akilia, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Mama Apua, lori ya kuhama inakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Friji ningewaachia, lakini ni ya mama mkwe na anaitaka."

"Usilie," nikamwambia. "Tutanunua yetu."

Ndugu yangu akateremsha mbuzi kutoka Oldonyiro, tukaenda soko la mifugo. Sijui kama kila mtu anajua tunavyouziana mbuzi wa maziwa, kwa hiyo nieleze. Muuzaji anamkamua mbuzi hapo hapo, na anakunywa yeye kwanza, mbele ya watu wote. Akikataa kunywa, mbuzi anarudi naye nyumbani. Akinywa, anampa mnunuzi kamba, na kamba ikishabadilisha mkono maneno yamekwisha. Hakuna idara. Ndugu yangu alikunywa, mnunuzi wetu, mzee Godana, akapokea kamba, tukasalimiana, tukaachana kabla jua halijawa kali.

Nikaenda Tunukiwa Mega.

Lile duka ni kubwa na lina baridi yake lenyewe, hata mtu anatamani kuvaa sweta. Walinipokea vizuri mno. Nilipewa kiti. Nilipewa juisi, nayo ilitoka kwenye friji moja iliyokuwa nyuma ya ofisi ya meneja, ikiwa baridi mpaka meno yakauma. Meneja mwenyewe, Bwana Gikunda, alikuja kunishika mkono, na msichana akatupiga picha.

"Hongera, Mama! Leo umejiunga na familia."

"Familia gani?"

"Familia ya Tunukiwa."

Nikamwambia nashukuru, nina yangu, lakini nafasi ipo.

Niliomba waiwashe friji niliyochagua nisikie baridi yake kabla sijalipa. Bwana Gikunda alicheka kwa upole. Aliniambia friji mpya haiwashwi dukani, inapoteza upya wake. Nikaona ni watu wanaoheshimu vitu vyao.

Aliyenisaidia kuipakia kwenye mkokoteni wa mchukuzi Nanok ni Jillo, soja anayelinda mlango, mtu mzima mwenye ndevu za hina. Alivua kofia yake akaiweka chini ya pembe ya friji isikwaruzwe na mbao. Kofia ilirudi kwake imebonyea. Aliikung'uta akaivaa.

Nyumbani tukachomeka plagi. Taa ikawaka ndani, nzuri, nyeupe. Friji ikanguruma. Tukaweka jagi la maji tukalala. Asubuhi Lokuruka akamimina kikombe, akanywa, akafikiri.

"Akaale," akasema, "weka majani ya chai. Kazi ya kupasha maji imeshafanyika."

Nilimwambia aipe muda, ni ngeni. Tukaipa muda. Nyanya zikaiva ndani yake kwa haraka kuliko juani. Siagi ikawa mafuta. Basi nikachukua risiti yangu nikarudi dukani.

Kwenye Tunukiwa Mega hakuna malalamishi. Kuna Idara ya Furaha ya Mteja, na ili kuingia unachukua namba kwenye mashine. Nilichukua. Sikuona mtu mwingine pale, ila viti na mimi, lakini sikuitwa, kwa sababu mwenye namba ya kabla yangu hakuwa ametokea. Alikuwa amechukua namba yake, akachoka, akaenda zake Garba Tula. Idara haimruki mtu. Tukamngoja.

Nikiwa katika kumngoja huyo bwana wa Garba Tula, haja ikanishika. Nikamuuliza Jillo choo kiko wapi. Alitazama chini.

"Habari ya tangu siku ile, Mama Apua? Choo iko. Lakini kuna sheria." Akanionyesha ubao ukutani. Ulisema choo ni cha mwenye risiti tu, bila ubaguzi, na chini yake kulikuwa na sahihi kubwa ya Mkurugenzi wa Kanda, Bwana Mugendi, iliyokunjwa-kunjwa kama mkia wa chatu.

"Risiti ninayo," nikasema.

Jillo akaisoma juu mpaka chini, uso ukamfunguka. "Mama, hii ni ya friji! Watu huja hapa na risiti ya balbu. Wewe ingia ukae mpaka uchoke."

Nilipotoka, Idara ilikuwa imeamua kwamba bwana wa Garba Tula amefurahi. Nikaitwa. Katibu wa Idara ni msichana mmoja anaitwa Kiende, mwenye sauti laini na macho ya mtu asiyelala vizuri, na aliniita Shosho kama vile mimi ni bibi yake.

"Karibu sana, Shosho. Hapa hatupokei malalamishi. Tunapokea furaha."

"Friji haitoi baridi, mwanangu."

"Sawa. Na upande wa furaha, taa inawaka?"

"Inawaka."

"Vizuri sana." Akaandika. "Mlango unafunga?"

"Unafunga."

"Na inanguruma?"

"Inanguruma sana. Mzee hulala kwa shida."

"Basi Shosho, vitu vinne tunaangalia, na vitatu viko sawa. Hiyo ni sabini na tano kwa mia. Mimi shuleni sikuwahi kupata hiyo."

Nikampa pole. Kisha nikamwambia kwamba hicho cha nne ndicho nilichonunua. Akainama kidogo juu ya meza.

"Shosho, mimi naelewa. Lakini neno baridi siwezi kuandika hapa. Baridi inashughulikiwa na Kamati."

"Kamati ipi?"

"Kamati ya Baridi. Lete friji. Na risiti usipoteze, tafadhali. Friji ni ya mwenye risiti. Ukimpa mtu risiti, umempa friji. Ikipotea, friji ni yatima."

Nikaielewa mara moja. Risiti ndiyo kamba.

Nanok akairudisha friji kwa mkokoteni, na Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Gikunda, katibu Kiende, na kwa kuwa kanuni zao zinataka wateja wawakilishwe, nikavalishwa beji ile ya bluu. Watu walipiga makofi. Wajumbe walikuwa sisi watatu, kwa hiyo makofi hayakuwa mengi, lakini yalikuwa ya moyo.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano, friji ikiwa imewashwa mbele yetu kama mshtakiwa. Tulipewa chai na mandazi. Soda nazo zililetwa, kutoka friji ile ile ya nyuma ya ofisi, chupa zikitoka jasho. Niliuliza kwa nini hizo hazikuwekwa kwenye friji yangu. Bwana Gikunda akasema si vizuri kumshirikisha anayechunguzwa.

Halafu akasimama kutoa mwongozo.

"Wajumbe, lazima tuwe wataalamu. Baridi ni nini? Baridi ya Limuru si baridi ya Isiolo. Hatuwezi kuchukua baridi ya watu wengine tukaihukumia friji ya hapa. Hiyo itakuwa ubaguzi."

"Ni kweli, Mwenyekiti," akasema Kiende.

"Kwa hivyo tunatumia Ubaridi Linganishi wa Kanda. Tunamtoa mtu nje kwa jua, anaweka mkono ndani, anatuambia."

Jillo akaitwa kutoka langoni, jasho likimtiririka ndevuni. Akatia mkono ndani ya friji. Mwenyekiti akamuuliza.

"Unasikia nini?"

Jillo si mwongo. Alifikiri kwa muda mrefu, mkono ukiwa bado ndani.

"Kuna kivuli, mkubwa."

"Andika," akasema Bwana Gikunda. "Shahidi huru alihisi nafuu ya papo hapo."

Nikainua mkono, kama Mwakilishi wa Wateja. Nikauliza kama sasa ninaweza kuweka humo dawa ya sindano ya mzee wangu.

Bwana Gikunda akakoroga chai aliyokuwa ameshaikoroga.

"Mama, hiyo ni kati yako na daktari. Kamati inashughulika na baridi. Mambo ya dawa ni ya Wizara nyingine."

Kiende alinitazama, kisha akatazama karatasi yake, kisha hakuandika chochote kwa muda. Niliona hilo, na sijalisahau.

Tukapiga kura. Mwenyekiti alikubali kwamba friji ina afya. Katibu hakuwa na haki ya kura ila kukubali, akakubali. Mimi nilikataa. Muhtasari ulisomwa, ukasema kura zote ziliunga mkono, moja ikiwa imeunga mkono kwa namna yake. Uamuzi ukapigwa muhuri: friji ina ubaridi unaotosheleza mahitaji ya kanda.

"Hongera, Mama!" Bwana Gikunda akaniambia. "Friji yako ndiyo ya kwanza nchini kupita. Mkurugenzi anakuja Wiki ya Furaha ya Mteja kuipa cheti. Iache hapa mpaka hiyo siku, tuipambe."

"Siku gani?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Ndiyo Jumamosi ya lori ya Gaceri.

Nyumbani nilimkuta Lokuruka nyuma ya nyumba, ameuchomoa ule mtungi wa zamani kutoka chini ya mabati, anausugua kwa mchanga. Hakuniuliza kilichotokea. Mtu anayesugua mtungi hana swali tena.

"Wachana na hiyo," nikamwambia.

"Mchanga nitalowesha mara nyingi zaidi. Safari hii sitausahau."

"Safari ile pia hukuusahau. Ulianguka."

"Nilianguka karibu na kanisa. Si mahali pabaya."

Aliendelea kusugua. Anapofanya mzaha wa namna hiyo mimi huwa nampa maji ya kunywa. Nikampa maji, nikakaa karibu naye, na pale ndipo nilipokumbuka soko la mifugo.

Siku mbili tatu kabla ya sherehe nilikwenda dukani na mtungi wa plastiki wa maziwa ya mbuzi, mapya, bado na povu lake. Nilivaa beji. Nikamwomba Bwana Gikunda ruhusa ya kumpa Mkurugenzi heshima ya kwetu. Nikamweleza yote bila kuficha: muuzaji anakunywa maziwa ya anachouza, mbele ya watu, halafu kamba inashikwa vizuri.

"Utamaduni!" Bwana Gikunda akasema, macho yakimng'aa. "Mkurugenzi anapenda sana utamaduni. Tutaita na watu wa redio. Na maziwa tutaweka wapi mpaka Jumamosi?"

"Kwenye friji yangu," nikasema. "Kamati imesema ina afya."

Angeweza kusema hapana. Lakini angesemaje, na muhuri alikuwa ameupiga mwenyewe? Mimi na yeye tukaenda pamoja, nikaweka maziwa kwenye rafu ya kati, taa ikayamulika, tukafunga mlango. Wakaizungushia friji utepe mwekundu na kibandiko cha gundi, isifunguliwe mpaka mgeni afike.

Jillo alikuwa amesimama pale.

"Mama Apua," akaniuliza polepole, "hayo maziwa yatalala humo ndani?"

"Yatalala."

"Mpaka Jumamosi?"

"Kamati imesema kuna baridi, Jillo. Wewe mwenyewe ulikuwa shahidi."

Jillo akatazama dari. "Mimi nilisema kivuli," akanong'ona.

Nataka mnielewe hapa. Sisi tunajua maziwa ya kulala. Maziwa ya kibuyu kilichofukizwa vizuri hulala yakaamka yameiva, na mtu akiyanywa anapata nguvu. Lakini kibuyu ni kitu kimoja, na plastiki iliyofungiwa ndani ya sanduku la moto lenye taa ni kitu kingine. Yale hayakulala. Yale yalikesha.

Jumamosi ikafika. Asubuhi lori ya Gaceri ilikuwa imeshasimama nje ya mlango wake, vijana wakipakia makochi. Friji yake aliiacha iwe ya mwisho. "Nitawaambia wanapakia vibaya," akaniambia. "Nitawapangisha upya. Wewe nenda." Lokuruka akabaki amekaa kando ya lori, mtungi wake miguuni, mchanga umelowa.

Tunukiwa Mega ilikuwa na maputo, ngoma, redio na watu wengi, maana kulikuwa na uvumi wa soda za bure. Mkurugenzi wa Kanda, Bwana Mugendi, alishuka kwenye gari kubwa. Ni mtu mnene, msafi, mwenye viatu vinavyoonyesha uso wako. Alinipa mkono kwa mikono yake miwili. Nilimpenda kwa hilo.

Alihutubia. Alisema huko nyuma mteja aliuziwa akasahauliwa, lakini leo mteja anakaa mezani. Akanionyesha, nikasimama, nikapigiwa makofi. Akatia sahihi cheti cha friji, akakisoma kwa sauti, ile sehemu ya ubaridi unaotosheleza akairudia mara mbili. Akasema yeye binafsi anaidhamini friji hii mbele ya Mungu na mbele ya redio.

"Na sasa," akasema Bwana Gikunda, "utamaduni!"

Wakakata utepe. Nikafungua mlango.

Waliokuwa mstari wa mbele walirudi nyuma bila kuamua. Mpiga ngoma aliacha kupiga. Mimi nikauchukua mtungi, kifuniko kikaruka chenyewe, nikamimina kwenye kikombe. Yalishuka kwa mafungu.

"Karibu, Mkurugenzi," nikasema, na mtu wa redio akanisogezea maikrofoni. "Kwetu muuzaji anakunywa kwanza. Akinywa, mnyama ni mzima. Akikataa, hakuna ugomvi, anarudi tu na mnyama wake, na mnunuzi anarudishiwa haki yake. Usijilazimishe, baba."

Nilimwambia hivyo kwa nia njema. Nilimwachia mlango wazi, kama Gaceri alivyokuwa akituachia.

Bwana Mugendi alitazama kikombe. Akatazama cheti mkononi mwake. Akamtazama Bwana Gikunda, na Bwana Gikunda akatazama maputo. Sauti moja ya kiume ikatoka nyuma: "Kunywa, mkubwa! Si umesema iko baridi!" Watu wakacheka.

Akanywa. Lazima niseme alikunywa kiume, mpaka mwisho. Akapangusa midomo kwa leso.

"Baridi kabisa," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, nikajua ni mtu mwenye hisia.

Akaendelea na hotuba. Alizungumzia mipango ya kufungua matawi Marsabit na Moyale. Alipofika Moyale alinyamaza. Akashika meza. Tumbo lake lilisema neno ambalo maikrofoni ililisikia, na redio ikalirusha hewani. Kisha akashuka jukwaani taratibu sana, kama mtu aliyebeba beseni lililojaa, akaelekea kwenye kile choo.

Jillo alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Risiti, mkubwa."

"Nini?"

"Risiti. Ni sheria."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Najua, mkubwa." Jillo akaonyesha ubao kwa heshima kubwa. "Hiyo sahihi ni yako. Umeandika bila ubaguzi."

"Fungua, Jillo!" Bwana Gikunda akafika mbio.

"Ufunguo ninao, bosi. Lakini ile siku nilifungulia mama mwenye mimba bila risiti, nilisimamishwa kazi. Barua ilitoka kwa mkubwa huyu huyu. Nina watoto, bosi."

"Achukue namba!" watu wakapiga kelele. "Apange laini kama sisi!"

Na kweli, kwa kuchanganyikiwa, Bwana Mugendi alichukua namba kwenye mashine. Kiende alitoka akaitazama ile namba, akasema kwa sauti yake laini kwamba wa kabla yake hajatokea. Bwana Gikunda akakimbilia kaunta anunue hata balbu apate risiti, lakini kaunta zote zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Wiki ya Furaha ya Mteja.

Mkurugenzi alikuwa amekunja miguu. Jasho lilikuwa limeshusha ile sura yote ya ofisi, amebaki mtu tu. Nikamwonea huruma. Nilimfikiria mzee wangu pale kando ya lori, nikaona haja ya mwili haina mkubwa. Nikatoa risiti yangu.

"Baba, ninayo hii. Ya friji."

Akanyoosha mkono haraka. Nikaishikilia kidogo.

"Lakini hii ndiyo kamba. Nikikupa, friji ni yako, ndiyo sheria ya duka. Na mimi siwezi kurudi nyumbani mikono mitupu, mzee wangu ana dawa. Kamba kwa kamba."

"Chukua nyingine!"

"Ipi?"

"Yoyote! Chukua yoyote, Mama, nakuomba!"

"Redio imesikia?" nikauliza.

"Imesikia, Shosho!" akasema mtu wa redio.

Nikampa risiti. Jillo akaisoma juu mpaka chini, hakuruka hata mstari mmoja, kisha akafungua. "Ni ya friji, mkubwa," akamwambia. "Kaa mpaka uchoke."

Bwana Gikunda alinipeleka kwenye friji mpya zilizokuwa kwenye maboksi. Nikamshukuru, nikapita, nikaenda nyuma ya ofisi yake. Nikaingiza mkono kwenye ile iliyokuwa na soda. Nikautoa haraka. Ilikuwa inauma.

"Hiyo ni ya wakubwa, Mama," akasema.

"Najua," nikasema. "Nimeionja."

Kiende hakusubiri kuambiwa. Aliandika risiti mpya pale pale kwa jina langu, Akaale, akapiga muhuri, na mkono wake ulikuwa na haraka ambayo sikuwahi kuiona katika Idara ile. Soda alizitoa mwenyewe akawagawia watu. Jillo akamsaidia Nanok kupakia, akavua kofia, akaiweka chini ya pembe.

Tulifika Kiwanjani, Gaceri akiwa anawapangisha vijana makochi kwa mara ambayo wao wenyewe walikuwa wamekata tamaa kuihesabu. Dawa ilitoka friji moja ikaingia nyingine bila kuguswa na jua, Gaceri akiikinga kwa khanga. Lokuruka akatia mkono ndani, akautoa, akautazama.

"Hii haijui chai," akasema. Akaumwaga ule mchanga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa wanaopenda kujua kuhusu friji iliyopata cheti, haingeweza kubaki dukani, kwa kuwa kanuni inakataza bidhaa iliyouzwa na kupewa cheti kulala humo. Ilipelekwa nyumbani kwa mwenye risiti, Nairobi, ikiwa na utepe. Mke wa Bwana Mugendi akaweka nyama. Siku chache baadaye akapiga simu Idara ya Furaha ya Mteja, akapewa namba. Suala likarudi mezani, na Kamati ya Baridi ikaitishwa.

Nilihudhuria, nikiwa na beji yangu. Bwana Mugendi mwenyewe alikuja. Niliomba apewe kiti na juisi, maana yeye ni mteja, na nilimpa mkono kwa mikono miwili. Alieleza shida yake vizuri sana. Tulimsikiliza mpaka akachoka. Kisha Kiende akasoma cheti, chenye sahihi ya mteja mwenyewe, na tukapiga kura kwamba friji yake ina afya njema.

Kura zote ziliunga mkono, ya kwangu kwa namna yake.